Haisomeki

Mwalimu Andendekisye hakuwa akiingia nyumbani kwake mwenyewe bila kukohoa. Akifika getini anasimama, anakohoa mara tatu, anahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ndipo anaingia. Watoto wa mtaa ule wa Ilomba, Mbeya, walishamwigiza wakachoka. Wageni walimpa pole na kumshauri anywe tangawizi. Kifua chake, nikwambie, kilikuwa kizima kabisa. Kilichomkohoza ni mila.

Kwa Wanyakyusa wa aina yake, wale ambao wamehamia mjini na wana king'amuzi sebuleni lakini ya wazee hawajayaacha, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hawasemezani, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Mkamwana akimwona mkwe wake anakuja, yeye ndiye hukimbilia nyuma ya nyumba, au hugeukia ukuta na kujitanda kitenge mpaka mzee apite. Sasa Tumpe, mke wa mwanawe Obeid, haoni tangu ana miaka minne. Atamkimbia vipi mtu asiyemwona? Mzee alilifikiria jambo hilo wiki nzima kabla ya harusi bila kumshirikisha yeyote, na siku bibi harusi alipoletwa nyumbani akaanza kukohoa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na hajawahi kusahau hata siku moja.

Jumanne ile alikohoa kama kawaida, akitoka kutengenezesha redio. Tumpe alikuwa uani na ungo wa maharage, akichambua kwa vidole, mawe anatupa huku, mabovu anaweka kule. Kusikia kikohozi akainuka, akageukia ukuta. Kwa kawaida Mwalimu hupita haraka akaingia ndani, lakini siku hiyo mkewe alimsimamisha palepale uani.

"Baba Obeid, chuo kimepiga simu."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tumpe alikuwa amemaliza mwaka wa tatu, wa mwisho, akisomea ualimu katika chuo kimoja cha Iringa. Mwezi wa saba alianguka somo moja tu, Fasihi Simulizi, na alianguka kwa sababu karatasi ya maswali aliletewa ya wino. Walipokuja kumpata mtu wa kumsomea, saa nzima na nusu ilikuwa imekwenda, na mtu mwenyewe alikuwa mlinzi wa geti, akisoma maswali kwa kukatakata huku jicho liko getini. Basi akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio. Mwezi wa tisa akairudia. Safari hiyo walimwandalia maswali ya nukta nundu, maandishi ya wasioona, akafanya kwa mashine yake, akaandika kurasa kumi na saba, akarudi Mbeya anaimba.

Leo chuo kinasema hakuna wa kuzisoma zile kurasa. Mtaalamu waliyekuwa naye mkataba wake uliisha mwezi wa sita, na hakuna aliyekumbuka kuuhuisha. Matokeo yote yanatakiwa yafike kikaoni Ijumaa. Asiye na alama anahesabiwa sifuri, na sifuri kwenye sapu ni kudisko, yaani unarudi nyumbani mikono mitupu, miaka mitatu imekwenda na maji. Lakini, alisema yule mtu wa simu kwa upole kabisa, kama familia inamfahamu mtaalamu mwenye cheti, inaruhusiwa kumleta.

Jamani! Mwalimu Andendekisye alifundisha watoto wasioona kwa miaka ishirini na miwili mpaka alipostaafu. Cheti chake cha nukta nundu kilitundikwa sebuleni, kwenye fremu, jirani na picha ya harusi ya Obeid. Wote watatu pale uani walikuwa wanakifikiria cheti hicho hicho.

"Mwambie nitakwenda," Mwalimu alisema.

"Tumpe, baba anasema atakwenda."

Tumpe alijibu akiwa ameuelekea ukuta. "Mama, mwambie Baba ndaga fijo."

"Anasema ndaga fijo, anashukuru sana."

"Nimesikia," Mwalimu akasema, kisha akajikumbuka, maana hakutakiwa awe amesikia. Akaingia ndani haraka kumpigia simu Obeid, ambaye alikuwa na lori lake kwenye foleni ya Tunduma, siku ya nne hiyo, hajavuka mpaka.

*

Walisafiri Jumatano. Mwalimu alikaa kiti cha mbele, nyuma ya dereva, na wanawake wakakaa nyuma kabisa. Kondakta alipofika kwao alimuuliza Mama Obeid, "Huyu kipofu naye anashukia wapi?" Tumpe akamwambia, "Muulize huyo huyo kipofu, ana mdomo." Abiria wakacheka, kondakta naye akacheka, na bado tiketi akamkabidhi mama mkwe.

Makambako basi lilisimama watu wajisaidie na kununua chipsi. Mama Obeid akamshika mkono mkamwana wake wakashuka taratibu. Mwalimu alikuwa amebanwa tangu Igawa, lakini alipiga hesabu zake: akishuka sasa, wakati wa kupanda watakutana uso kwa uso kwenye ule ujia mwembamba wa katikati ya viti. Akabaki kitini, akasali kimya kimya, akavumilia mpaka Iringa. Mtu mzima wa miaka sitini na nane. Sisemi alikuwa na akili au hana, nasema ndivyo alivyokuwa.

Usiku ule yeye alilala gesti karibu na stendi, wanawake wakalala kwa msichana mmoja aliyekuwa akisoma na Tumpe. Asubuhi ya Alhamisi saa mbili walikuwa chuoni. Ofisi ya mitihani ilikuwa ghorofa ya pili, na ngazi zake hazikuwa na pa kushika. Mwalimu alitangulia. Nyuma yake alimsikia mkewe akihesabu ngazi kwa sauti, na Tumpe akimwambia asihangaike, ni thelathini na moja, ya kumi na tisa imevunjika.

*

Afisa mitihani aliitwa Bi Blessing. Natamani ningekwambia alikuwa mtu mbaya, hadithi ingekuwa nyepesi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi, meza yake safi, kalamu zake zimepangwa. Alimpokea Mwalimu vizuri, akampa kiti, akakisoma cheti chake mbele na nyuma, akafurahi. Kisha akauliza swali la kawaida.

"Na huyu mtahiniwa ni nani wako?"

"Ni mkwe wangu. Mke wa mwanangu."

Bi Blessing akakirudisha cheti mezani. "Basi haiwezekani, Mwalimu. Ndugu haruhusiwi kugusa mtihani wa ndugu. Watasema mmeandika upya."

Mwalimu hakuwa amelitazamia hilo. Aliiwaza safari yote ile na mkamwana aliyeketi pale kwenye benchi la nje. Halafu akasema jambo ambalo hajawahi kulieleza mbele ya mtu baki.

"Bi Blessing, mimi na yule binti hatusemezani. Si kwa ugomvi. Ndiyo mila yetu. Tangu aolewe sijamwambia neno, wala yeye hajaniambia. Hata sauti yake naisikia kwa bahati mbaya."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

Bi Blessing alikuwa Mbena wa Njombe, na shangazi yake mmoja aliolewa Kyela kwa Wanyakyusa, kwa hiyo mambo hayo aliwahi kuyasikia na kuyacheka. Akainuka, akafungua mlango, akachungulia nje. Tumpe, aliyesikia mlango unafunguka na kudhani mkwe wake anatoka, alikwisha simama, amegeukia ukuta wa kijani wa korido, kitenge kichwani. Bi Blessing alirudi ndani bila kicheko.

"Nyie watu," akasema.

Akachapa karatasi kwenye kompyuta. Iliandikwa kwamba msomaji anathibitisha hatawasiliana na mtahiniwa kwa njia yoyote ile mpaka kazi ikamilike. Mwalimu akaisoma mara mbili, akaweka saini yake nzuri ya kizamani, yenye mkia. Alijisikia vizuri sana, na hili nalisema kwa sababu baadaye lilimtesa. Mila ambayo vijana waliiita ushamba, ambayo hata Obeid aliwahi kumwomba aiache, leo ndiyo iliyomfungulia mlango mahali ambapo udugu ulimfungia.

Bi Blessing akaenda stoo, akarudi na bahasha kubwa ya kaki. Mwalimu akaitoa karatasi ya kwanza, akapitisha macho, akaisogeza karibu na uso.

"Bi Blessing, hizi zilikuwa wapi?"

"Stoo, zimefungiwa. Hakuna aliyezigusa."

"Zilikuwa chini ya kitu?"

Uso wa Bi Blessing ukachangamka kidogo, uso wa mtu aliyeulizwa kuhusu kazi aliyoifanya kwa uangalifu. "Zilikuwa zimevimba, Mwalimu. Bahasha haifungi kabisa. Nikazinyoosha mwenyewe, nikaziwekea maboksi ya vitabu vya kujibia, yale mazito. Wiki tatu. Si unaona zilivyolala?"

Mwalimu aliona. Maandishi ya nukta nundu ni vichuguu vidogo vilivyoinuliwa juu ya karatasi ngumu, ukivilaza umevifuta. Kuvimba kule ndiko kulikokuwa majibu. Alitaka kumwambia, lakini alimtazama yule mama na kalamu zake zilizopangwa, akaahirisha. Alisema tu kwamba anaomba mwanga.

*

Walimu wanaoona husoma nukta nundu kwa macho. Mwanga ukitoka pembeni kila nukta inatoa kivuli chake, na mwalimu mzoefu anasoma kama gazeti. Lakini dirisha la ofisi ile lilizibwa na kabati la mafaili, na taa ilikuwa juu ya dari, ikimwaga mwanga sawasawa kila mahali. Tena Mwalimu alikuwa na mtoto wa jicho upande wa kushoto, jambo alilomficha hata mkewe. Akainamisha karatasi hivi, akaiinamisha vile, akawasha tochi ya simu, akaanza.

Kurasa tatu za kwanza hazikuwa zimebanwa sana, na zilisomeka. Akaandika kwa wino, mstari kwa mstari, na kadiri alivyoandika ndivyo moyo ulivyomjaa. Huyu mtoto anajua! Sentensi zake zilikuwa fupi na zilizonyooka. Likizo zote za miaka mitatu alikuwa amekaa naye nyumba moja, anakula ugali wake, anasikia mashine yake ikigonga chumbani, na hakuwa akijua anafikiri namna gani. Akajikuta anatabasamu peke yake.

Ukurasa wa nne ndipo palipoanza. Methali katika jamii hu, halafu nukta mbili, halafu uwanja mtupu mpaka mwisho wa mstari. Huonya? Hufunza? Alilijua jibu. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne analijua. Kalamu ilikuwa mkononi, Bi Blessing alikuwa kwenye simu, na nani angejua? Mwalimu akaiweka kalamu chini. Miaka ishirini na miwili aliwaambia watoto kwamba msomaji haandiki anachodhani, anaandika anachokiona. Akaiinua tena, akaandika kwa herufi kubwa: HAISOMEKI.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na swali la nne, swali kubwa, alama ishirini. Jadili kauli kwamba mila hubadilika ili ziishi, utoe mfano kutoka jamii unayoifahamu. Tumpe aliandika utangulizi mzuri, kisha akaanza aya mpya: Katika familia niliyoolewa. Hapo Mwalimu alisita. Familia hiyo ni yake. Akainamisha karatasi, akaipeleka juu, akaipeleka chini ya meza, akaipapasa kwa kidole chake kigumu cha mtu aliyeshika chaki na jembe. Kidole hakikumwambia kitu. Mistari tisa ilikuwa imelala kabisa, na mwishoni kabisa akaokota maneno mawili: ilibadilisha bega. Ni nini kilichobadilisha bega, hakujua. Akaandika HAISOMEKI.

Kufika saa nane alikuwa na sehemu kumi na moja za namna hiyo. Bi Blessing alikuja kusimama nyuma yake, akayaona yale maneno yanavyojirudia ukurasa baada ya ukurasa. Akavuta kiti, akaketi. Akataka kujua kwa nini, na Mwalimu akamweleza kwa sauti ya chini habari ya maboksi. Yule mama akaweka mkono mdomoni. 

Kisha akasema, "Yeye mwenyewe hawezi kuzisoma? Kwa vidole?"

"Pengine anaweza. Vidole vyao si kama vyetu."

"Kanuni inakataza mtahiniwa kugusa tena karatasi yake. Lakini naweza kumpigia mkuu wa idara, aniruhusu kwa mdomo. Ungemuuliza tu hapo hapo mlangoni, mbele yangu. Hapa uliandika nini, hapa uliandika nini. Nitakuwa shahidi."

Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Nje, kwenye benchi, minong'ono ya wanawake wawili ilinyamaza.

Hapa ndipo, kama ingekuwa mimi na wewe, tungesema ndiyo. Lakini Mwalimu Andendekisye alikuwa amesaini. Asubuhi ile alikubaliwa kwa sababu moja tu, kwamba hasemi na mkamwana wake, na sasa aambiwe aseme naye? Si ataonekana mwongo, mzee aliyekuja na hadithi ya mila ili apenyeze ndugu yake? Na zaidi ya hayo, tuseme ukweli, aliogopa. Hakujua mtu anaanzaje kumsemesha mkwe wake baada ya miaka mitatu, tena koridoni, watu wanapita.

"Nimeshatia saini, Bi Blessing," akasema. "Mwalimu akisaini amesaini. Msahihishaji ataona majibu mengine, atampa haki yake."

Bi Blessing alimtazama kidogo, akazichukua karatasi, akazibana kwa pini. Mwalimu alitoka akiwa amenyoosha mgongo. Kabla ya kutoka alikohoa mara tatu.

*

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, ujumbe kwenye simu ya Tumpe. Simu yenyewe ndiyo iliyousoma kwa ile sauti yake kavu, jikoni, sufuria ya ndizi ikiwa motoni. Thelathini na saba. Alama ya kufaulu ni arobaini. Msahihishaji, ambaye hakumjua Tumpe wala hakuambiwa habari za maboksi, aliona mahali pameandikwa haisomeki, akaweka sifuri, akaendelea. Chini yake simu ikasoma kwamba mwanafunzi ameondolewa masomoni. Tumpe akaizima, akaonja ndizi chumvi, akasema zimeiva.

Obeid alipiga akiwa Zambia. Akasema kuna rufaa, jamani, lazima kuna rufaa. Mwalimu alikwisha kuuliza. Rufaa hupitia kilichosahihishwa, na kilichosahihishwa ni mwandiko wake yeye, mzuri, unaosomeka kila herufi. Obeid akauliza, "Baba, ni kweli walikuambia umuulize ukakataa?" Kumbe mama yake alimwambia. Mwalimu alijibu kwamba mtandao unakata, na mtandao haukuwa unakata.

Kilichomuumiza zaidi ni Mama Obeid.   Jioni moja Mwalimu alipomwambia, amwambie Tumpe asikate tamaa, Mungu hamtupi mja wake, yule mama aliendelea kumenya viazi vyake.

"Mwambie mwenyewe," akasema.

"Mama Obeid, unajua siwezi."

"Basi lisisemwe. Mimi nimebeba maneno yenu miaka mitatu, kutoka chumba hiki kwenda kile, kama ndoo za maji. Siku maneno yalipotakiwa kweli, uliyafungia ofisini. Mdomo wangu umechoka, Baba Obeid."

Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa kimya. Tumpe alipika, akafua, akachambua maharage. Hakulia mbele ya mtu. Mashine yake aliifunika kwa kitambaa cha meza, akaisukuma chini ya kitanda. Kikohozi cha getini kiliendelea, naye aliendelea kuinuka na kugeukia ukuta, kwa heshima ile ile, na heshima hiyo ilimchoma Mwalimu kuliko angetukanwa. Yeye ambaye kwa miaka yote hiyo aliwafundisha wazazi wa Rungwe kwamba mtoto asiyeona anaweza! Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Huyu aliambiwa, akaona saini.

*

Mwishoni mwa mwezi basi la Iringa lilileta kifurushi. Bi Blessing aliandika kikaratasi kwamba ofisi hutunza nakala ya wino tu, na zile karatasi nyingine zilikuwa zitupwe, akaona aibu, akazituma kwa mwenyewe, na chini akaorodhesha zile sehemu kumi na moja. Hakuomba radhi, au hakujua namna ya kuomba. Alikuwa amezifunga katikati ya vipande viwili vya godoro la sponji ili zisibanwe. Mwalimu ndiye aliyekwenda kukichukua stendi, akakiweka mlangoni kwa Tumpe kama mtu anayeacha kitu cha wizi, akaondoka kwenda shambani Uyole.

Alirudi mapema kuliko kawaida, saa tisa, jua bado kali na upepo unasukuma vumbi mtaani. Alipofika getini akafungua mdomo akohoe, akasikia sauti uani, akaufumba.

Tumpe alikuwa ameketi kwenye mkeka, bunda la karatasi mapajani, na Mama Obeid mbele yake na soksi anayoishona. Kikaratasi cha Bi Blessing, chenye orodha ya sehemu kumi na moja, kilikuwa kando ya mama mkwe, aliyekwisha kumsomea yote, na mkono wa kulia wa Tumpe ulikuwa ukitembea juu ya karatasi, polepole sana.

"Ukurasa wa nne," alisema. "Walisema hausomeki."

"Ndiyo mwanangu. Mstari wa sita."

Vidole vikasimama, vikarudi, vikapita tena. "Methali katika jamii huonya kabla ya kosa na huhukumu baada yake." Akainua uso. "Mbona pameandikwa, Mama? Hafifu tu. Pote pameandikwa."

 Soksi ilikuwa imemwanguka Mama Obeid mapajani.

"Sasa wa tisa. Huu ulikuwa wa alama nyingi." Vidole vikaanza. "Katika familia niliyoolewa."

Mwalimu aliingia. Hakukohoa, hakuhesabu. Aliingia getini kwake kama watu wengine wanavyoingia makwao, akatembea mpaka ukingoni mwa mkeka, na vumbi la viatu vyake likapanda kwenye jua. Tumpe alisikia hatua, akazijua. Karatasi zikamponyoka kidogo, mkono ukatafuta kitenge, akaanza kuinuka ili ageuke.

"Kaa," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa mbaya, ya mtu aliyetoka kuamka. "Kaa, mwanangu. Endelea."

 Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa maharage yaliyoanguka. Mama Obeid alimtazama mumewe, akamtazama mkamwana wake, akasogea, akaacha nafasi kwenye mkeka. Mwalimu akaketi kwa shida, magoti yakalia. Tumpe aliinamisha kichwa. Kitenge hakukivuta.

"Ndiyo, Baba," akasema, na vidole vyake vikarudi mwanzo wa mstari.

"Katika familia niliyoolewa, mila inamtaka mkamwana amkimbie mkwe. Mimi sioni, siwezi kumkimbia. Baba mkwe wangu hakuniambia kitu, aliichukua kazi hiyo akaifanya yeye. Kila akifika getini hukohoa mara tatu, akanisubiri nisimame. Majirani hudhani ana ugonjwa. Shuleni nilisaidiwa na wengi, na wote walitaka nijue kwamba wananisaidia. Huyu hajawahi kunisemesha hata neno, lakini sijapata heshima kubwa kuliko kile kikohozi. Kwa hiyo mila haikufa wala haikuvunjwa. Ilibadilisha bega."

Alisoma yote bila kukwama. Mistari ile tisa, ambayo Mwalimu aliigeuza chini ya taa mpaka machozi yakamtoka, vidole viliisoma kama watu wanavyosoma barua kutoka nyumbani.

Mwalimu alitaka kusema kitu. Alitaka kusema pale koridoni alisikia walivyonyamaza, na kwamba alijua wanamsubiri. Akataka hata kukohoa tu, kikohozi kikamkataa. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akaitazama, hakuwa na karatasi, na hata angekuwa nayo hapakuwa na wa kumpelekea. Akairudisha mfukoni. Akafunika uso kwa viganja vyake viwili, akalia mbele ya mkwe wake, jambo ambalo halina hata mwiko wake, maana wazee hawakuwahi kufikiri kwamba litatokea.

Tumpe alisubiri. Alimwacha mpaka pumzi zake zikatulia. Kisha akafunua ukurasa, akaupapasa juu, akiitafuta namba yake.

"Zimebaki tisa, Baba," akasema. "Wa kumi na moja, mstari wa pili."